Kiatu cha Kikopti cha kupindua: kinachanika kila kikigeuzwa, tatizo liko wapi?

Uzi_wa_Kitani
Mafundi, salamu. Naulizia kile kiatu cha Wakopti (Wakristo wa Misri), cha chini, bila kamba, cha aina iliyotoka kwenye makaburi ya Akhmim huko Misri: ngozi nyekundu, nakshi ya dhahabu mbele, soli nyembamba bila kisigino. Kinashonwa nje ikiwa ndani, halafu kinapinduliwa. Juu nimeweka mbuzi ya milimita 1.5 na chini ng'ombe ya milimita 4, zote za soko la Kariokor, Nairobi. Nikipindua, ngozi ya juu inachanika pale nyuma, kwenye mshono wa soli. La pili, kalibu (umbo la mguu la kushonea) ya kushoto imenitolea kiatu cha kulia. Na dhahabu inabandikwa kabla ya kushona au baada?

Makubazi_Nairobi
Hilo la kushoto na kulia ndilo jepesi. Chukua glavu ya mkono wa kushoto uipindue, itaingia mkono wa kulia. Kiatu ni vilevile: cha kushoto kishonee kwenye kalibu ya kulia.

Soli ya milimita 4 ndiyo inayokuchania. Kiatu hiki hakikukusudiwa kubeba soli nene, kwa sababu lazima ijikunje kama chapati ili ipite mdomoni mwa kiatu. Shuka hadi 2.5, isizidi 3. Juu iwe milimita 1 au 1.2.

Sasa mshono. Kwenye kalibu, upande wa manyoya wa soli uelekee ndani, upande wa nyama ukutazame wewe. Toboa kwa msharasi upande wa nyama, milimita 5 kutoka ukingoni, utokee ubavuni mwa soli, katikati ya unene wake, kisha upite kwenye ngozi ya juu. Usitoboe soli moja kwa moja hadi upande wa manyoya, maana huo ndio utakaokanyaga chini na uzi utasagika barabarani. Tundu hadi tundu milimita 5. Ukibana hadi 2 au 3, ngozi inakuwa kama karatasi ya stempu na inafuata mstari wa matundu. Nadhani ndicho kinachokupata hapo nyuma, kwa kuwa kisigino ndicho kinavutwa zaidi. Kama pia umeweka kiungo cha ngozi ya juu nyuma ya kisigino, kihamishie ubavuni, upande wa ndani wa mguu.

Uzi wa kitani upakwe nta ya nyuki mpaka ushike vidole. Shona kwa sindano mbili butu, kila tundu zipishane.

Ngozi_na_Magome
Naongezea kuhusu ngozi yenyewe, maana hapo juu tumeirukia. Mbuzi laini inayouzwa kwa rangi nyingi mara nyingi ni ya kromu, yaani imetengenezwa kwa chumvi ya madini badala ya magome ya miti. Inapinduka vizuri, lakini ukiilowesha haikumbuki umbo la kalibu, na nakshi ya kugandamiza haikai. Jaribu kipande kidogo kwenye maji yanayochemka: ya kromu itabaki karibu ilivyo, ya magome itajikunja na kukauka ngumu kama kigae. Omba ya magome, hata kama utalazimika kuzunguka vibanda kadhaa. Misri walitumia maganda ya mbegu za mgunga, yenye tanini nyingi, ile dawa ya asili inayogeuza ngozi mbichi isioze. Sisi huku tuna magome ya muwati, na kazi ni ileile.

Tahadhari moja: ngozi ya magome ikiwa imelowa isiguswe na chuma kitupu. Msumari au kisu chenye kutu kinaacha doa jeusi, nalo halitoki kwa kusugua. Kwenye nyekundu linaonekana kama wino.

Kupindua: loweka soli katika maji vuguvugu mpaka mapovu yaishe, dakika 15 hadi 20, kisha ifunge kwenye kitambaa kibichi saa nzima ili unyevu ufike katikati. Ikidondosha maji imezidi, matundu yatapanuka. Anza na kisigino kwa vidole gumba, kisha sukuma mbele kwa mpini wa mwiko. Chenye ncha kitatoboa. Rudisha kwenye kalibu, safari hii ya mguu wake halisi, na kikaukie kivulini.

Uzi_wa_Kitani
Asanteni sana. Kiungo nilikiweka nyuma kweli, na matundu yangu ni ya milimita 3. Dhahabu je?

Makubazi_Nairobi
Kabla, ngozi ikiwa bado bapa mezani. Paka ute wa yai uliochujwa, mara mbili, acha ukauke. Laza karatasi ya dhahabu, gandamiza kwa muhuri wa shaba uliopashwa moto kidogo. Jaribu muhuri kwenye mabaki kwanza: ukiacha alama ya kahawia, umezidi. Wakati wa kushona dhahabu itakuwa imejificha ndani, mbali na jasho la mikono. Lakini usiifikishe pale vidole vinapokunjia, itapasuka siku ya kwanza. Iweke katikati ya sehemu ya mbele, mbali na mkunjo.

Ngozi_na_Magome
Na ukitaka soksi za kuendana, Victoria and Albert Museum kule London wana jozi nyekundu kutoka Oxyrhynchus, Misri hiyohiyo. Zimegawanywa kidole gumba peke yake, kwa ajili ya kuvaliwa na ndala. Kwa kiatu hiki chako kilichofungwa mbele, mgawanyo huo utakusumbua tu.