Nafasi za jeshi HAZIUZWI! Dada yangu ameshaliwa milioni moja na laki mbili hapa Bombo

Wadau, nina hili jambo kifuani tangu Jumapili na usingizi hauji. Naandika nikiwa na hasira na sitaki zipoe kwanza.

Dada yangu mkubwa anasuka mikeka na vikapu. Anayeijua Bombo, mji wetu hapa Uganda kaskazini mwa Kampala, anawajua mama zetu wa Kinubi na kazi ile: ukili utiwe rangi, ukauke, vidole vichanike, halafu mnunuzi aje apunguze bei mpaka uone uchungu. Mwanawe ana miaka 19, amemaliza S4 (kidato cha nne), na tangu akiwa mdogo anasema atakuwa askari. Jumapili nimenong'onezwa jikoni kwamba kuna bwana alimwendea dada, akamwambia nafasi za wilaya yetu zimebaki chache, atoe milioni tatu jina la kijana liingie kwenye orodha kabla watu hawajaitwa uwanjani. Dada ametoa milioni moja na laki mbili. Iliyobaki anaitafuta, ameshaanza kukopa. Mimi ndugu yake wa tumbo moja, niliyepita kwenye mafunzo yenyewe, sikuulizwa neno. Unajua kwa nini? Yule bwana alimwonya: "Usimwambie mtu aliyewahi kuvaa sare, atakuharibia."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Huyu hakukosea njia. Anajua kabisa nani atamuumbua, na amempanga dada anyamaze.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wazazi. Kuingia UPDF, jeshi letu la Uganda, hakulipiwi. Jeshi linatangaza wazi, redioni na magazetini, siku gani na uwanja gani kila wilaya. Kijana anakwenda na kitambulisho chake cha taifa, cheti chake cha shule na barua za viongozi wa kwao kuanzia LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji. Anakimbizwa, anavuliwa shati, anapimwa macho, meno, miguu, kifua, damu. Anayefaa anaambiwa, asiyefaa anarudi kwao. Msemaji wa jeshi karibu kila mara anarudia kwamba anayeomba pesa ni tapeli, akamatwe. Na hizo "nafasi za wilaya" wanazozifanyia biashara zipo kwa sababu Katiba yetu ya 1995, ibara ya 210, inataka askari waandikishwe kutoka kila wilaya ya Uganda. Sheria iliwekwa ili mtoto wa Moroto na wa Kisoro wasiachwe nje. Watu wameigeuza kuwa bei.

Mimi nilikwenda 2009. Sikutoa hata shilingi, ila zile elfu chache za muhuri wa mwenyekiti, na nitazirudia hizo. Tulipakiwa kwenye malori usiku, asubuhi tukashushwa kambini. Jina la kambi siliweki hapa. Miezi tisa. Mnaamshwa saa kumi alfajiri kwa firimbi, mchakamchaka mpaka jua litoke, posho na maharage, kwata, fatiki (kazi za sulubu), bunduki, kwata tena. Mnalala kwenye zile mama ingia pole, vibanda vya bati ambavyo lazima uiname kuingia. Mchana zinachoma, usiku baridi yake inaingia mpaka kwenye mifupa. Simu hakuna. Nyumbani hawajui kama uko hai. Na jina lako linakaa pembeni: wewe ni kuruta, basi, mpaka siku upewe namba yako ya RA, namba ya askari.

Siilalamikii miezi hiyo. Naomba hili lieleweke, maana kuna watakaosoma nusu na kuanza kusema nimekuja kulichafua jeshi. Miezi ile ilinijenga. Nilifika nikiwa mtoto wa mjini, siwezi kukimbia kutoka hapa hadi msikitini bila kupumzika, nikatoka nikiwa mtu anayeweza kuaminiwa na uhai wa mwenzake. Na Kiswahili! Wengi wetu kambini hawakujua hata "geuka kulia". Wenzangu wa Buganda walilelewa wakiambiwa ni lugha ya askari wa vizuizini na ya wezi, wa Teso na Karamoja walikuwa wameisikia redioni tu, na Kiswahili ni lugha ya jeshi tangu enzi za KAR, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni. Mimi kwetu ni Kinubi na Kiswahili tangu kuzaliwa. Basi usiku, taa zimezimwa, nilikuwa nawafundisha kwa kunong'ona: mbele tembea, nyuma geuka, lala chini, inuka. Watu wa makabila kumi na moja katika kibanda kimoja. Sijawahi tena kuishi na watu namna ile.

Aliyekuwa akishika haraka kuliko wote alikuwa kijana mmoja kutoka upande wa mashariki, tulilala bega kwa bega. Mpole, akili kama wembe. Wiki ya pili nikaanza kumsikia usiku akipumua kama anavuta hewa kupitia tundu la sindano. Nikamuuliza. Akakataa. Nikamuuliza tena, akalia. Alikuwa na pumu tangu utoto. Babake aliuza shamba la kahawa akampa mtu, na yule mtu akapanga kijana asipimwe kifua, jina lake lipite. Akaniapisha nisiseme, maana akirudi nyumbani shamba limekwenda bure.

Sikusema. Nilikuwa na miaka 20 na nilidhani kunyamaza ndio urafiki.

Wiki ya tatu, mbio za alfajiri, mvua ilikuwa imenyesha na njia yote ni matope. Tukiwa tunapanda kilima akaanguka mbele yangu. Midomo imegeuka rangi. Mkufunzi alifikiri anajilegeza, akampigia kelele ainuke, na simlaumu sana, maana kwenye karatasi kijana alikuwa mzima wa afya. Karatasi ilisema uongo, na ule uongo ulinunuliwa. Ni mimi niliyepasua kelele kwamba ana pumu. Tulimbeba watu wanne, gambuti zinateleza, mpaka kwa daktari wa kambi. Alipona, Alhamdulillah. Siku chache baadaye akarudishwa kwao. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono akaniambia, "Sijui nitamtazama vipi mzee." Yule aliyekula pesa za shamba hakurudisha hata senti, na simu yake ilikuwa imezimwa siku nyingi.

Ndiyo maana sitaki kusikia mtu akiniambia "aah, hiyo ni chai kidogo tu, kila mahali iko." Chai gani inayomfikisha mtoto mgonjwa kwenye matope saa kumi na moja alfajiri? Na anayenunuliwa kupita siye peke yake anayeumia. Yupo aliyeachwa uwanjani, mzima, mwenye mbio na cheti halali, akarudi kijijini akidhani hafai. Na kuna sisi tutakaopangwa naye. Vijana wetu wako Somalia tangu Machi 2007. Tarehe 26 Mei 2023, al-Shabaab walipovamia kambi yetu ya Buulo Mareer, walikufa askari 54, Rais mwenyewe alitangaza. Nilikuwa nimeshatoka jeshini wakati huo. Nilikaa chini dukani kwangu nikashindwa kuuza. Mtu anayeuza njia ya kuingia jeshini anauza pia ni nani atakayesimama kando ya mwenzake siku kama ile, na bado matapeli hawa wanaitumia hiyo Somalia kama chambo: "mtoto akienda misheni pesa zako zitarudi mara kumi." Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa dada yangu. Mwanawe amegeuzwa mbegu ya kupanda.

Narudi kwenye muhuri. Wenyeviti wa vijiji, baadhi yenu mmechangia hili, na nalisema nikijua kesho nitahitaji muhuri wenu. Barua ya kusema kijana ni wa hapa na ana tabia njema ni kazi yenu. Mkianza kuidai elfu kumi, kisha elfu hamsini msimu wa uandikishaji ukifika, mnamzoesha mzazi kwamba kila mlango unalipiwa. Tapeli akija na milioni tatu anakuta mlango umeshafunguliwa. Na kuna wanaoandika barua kwa mtu wasiyemjua kabisa, kutoka wilaya nyingine, mradi katoa kitu. Huyo ndiye anayekula nafasi ya mtoto wa kijiji chenu.

Jana jioni nilikaa na mpwa wangu. Hakujua mama yake ametoa pesa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mjomba, kwani mama haamini naweza kupita mwenyewe?" Sikuwa na jibu la kumpa. Mvulana anaamka kabla ya adhana kukimbia barabara ya Gulu na kurudi, miezi minne sasa, peke yake. Anajua kusimama, anajua kunyamaza, kifua chake kizima, nimempeleka mwenyewe kupimwa. Akifika uwanjani atapita au hatapita kwa miguu yake. Sasa wanataka aanze maisha yake mapya kwa deni la mama na jina lililopenyezwa kwenye orodha.

Dada analia, anaogopa kwamba tukienda polisi jina la kijana litawekewa alama. Nimemwambia aliyetapeliwa si mwizi. Bado anaogopa, na ninamwelewa.

Naomba msaada wenu kwa mambo mawili. Kuna aliyewahi kupata pesa zake kutoka kwa watu hawa, na alipitia wapi kwanza, polisi au ofisi ya usalama ya wilaya? Na ushahidi tulio nao ni ujumbe wa pesa alizotumiwa yule tapeli kwa simu, laki nane, pamoja na sauti yake iliyorekodiwa mara mbili kwenye simu ya dada. Laki nne alipewa mkononi, shahidi ni jirani. Hiyo inatosha kufungua kesi?

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda polisi na dada, na mpwa wangu amesema lazima aje naye. Nitarudi hapa kuwaambia.