Mrejesho: petroli iliyokuwa inavuja usiku

Wakuu, niliwauliza kuhusu pikipiki yangu ya cc 125: kila asubuhi naikuta na doa chini ya injini na harufu kali ya petroli. Wengi mlisema ni mpira wa mafuta. Nikabadilisha mpira na vibanio vyake, doa likabaki palepale.

Ndipo nikamsikiliza aliyesema nifunge koki (ya kufungia mafuta yanayotoka kwenye tenki) usiku. Nilikausha kila sehemu kwa kitambaa, nikatandika boksi chini. Koki ikiwa imefungwa, boksi kavu hadi asubuhi. Nikaifungua huku injini imezimwa: dakika kumi tu, matone yakaanza kutoka kwenye kile kimpira chembamba kinachoning'inia chini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kazi yake ni kumwaga mafuta yanayozidi, kwa hiyo kabureta ndiyo ilikuwa inajaa kupita kiasi.

Tulipoifungua na fundi, boya linaloelea ndani yake lilikuwa zima. Sindano yake, ambayo boya huisukuma kuziba njia ya mafuta kabureta ikijaa, ilikuwa imelika ncha, na chini kumejaa chembe za kutu kutoka kwenye tenki. Tumeweka sindano mpya, tumesafisha tenki, tumefunga na chujio.

Tafadhali sana, mwenye tatizo kama hili asisahau kukagua oili. Yangu ilikuwa imepita alama ya juu na inanuka petroli, maana mafuta yakizidi hupenya kwenye silinda na kushuka hadi kwenye oili, nayo inakuwa nyepesi na kuila injini. Niliimwaga yote kabla ya kuwasha.

Leo siku ya tisa, koki nimeiacha wazi makusudi, boksi bado kavu. Asanteni mno.