Rangi ya ndani kwa nyumba yenye mtoto wa pumu: chokaa, ya maji au ya mafuta? (Lamu)

BintiLangoni
Assalam alaykum wanajamvi. Tunahamia nyumba ya marehemu bibi huku Langoni, Amu. Chumba cha ndani ni ukuta wa mawe wa kikale, mnene, una vidaka. Ukumbi wa nyuma uliongezwa baadaye kwa bloku na simenti. Mwanangu ana pumu, nami ni mjamzito, kwa hiyo sitaki rangi ya kutulaza na kichwa kinauma. Dukani wamenionyesha tatu: ya mafuta, ya maji ya kawaida, na ya maji iliyoandikwa haina harufu, ambayo bei imepanda kidogo. Mama mkwe yeye anasema nipake chokaa yaishe. Mnanishauri nini?

DukaLaRangiMalindi
Waalaykum salaam dada. Nauza zote, lakini ya mafuta iondoe kwenye hesabu, hasa ukutani. Kinachoifanya iwe majimaji ni viyeyusho vya petroli, na lazima vipae hewani ndipo rangi ikauke. Hewa hiyo ndiyo mnayoivuta ninyi. Tapentaini ya kusafishia brashi nayo ni jamaa yake.

Ya maji ina nafuu kubwa, ila ndani yake bado mna kemikali za kuifanya ishikane na za kuizuia isioze koponi. Neno "haina harufu" lisikutoshe. Kuna kemikali zinazopaa bila pua kuzisikia, na kuna harufu zinazofunikwa na manukato. Geuza kopo, tafuta herufi VOC, yaani kemikali zinazopaa hewani, na gramu kwa lita. Ulaya, tangu 2010, rangi ya maji ya ndani isiyong'aa haitakiwi kuzidi gramu 30 kwa lita, na inayong'aa inaruhusiwa hadi 100. Pima kwa hizo. Kopo lisilosema lolote, muulize muuzaji karatasi ya bidhaa kutoka kiwandani. Akikosa, nenda kwa jirani yake.

Jambo jingine, chagua rangi iliyopauka. Zile nzito zinazochanganywa kwa mashine huongezewa dawa ya rangi nyingi, na baadhi ya dawa hizo huja na viyeyusho vyake.

FundiWaMawe
Mama mkwe kasema kweli, japo kwa chumba kimoja tu. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa udongo na chokaa hunywa maji kutoka chini na hewani, kisha huyatoa. Ukiufunika kwa rangi ya plastiki, ndiyo hiyo ya maji ya dukani, unyevu unakwama nyuma yake. Baada ya masika utaona rangi imevimba, chumvi inachanua, plasta inadondoka mkononi. Halafu unakuja ukungu, na ukungu kwa mtoto wa pumu ni adui kuliko rangi yenyewe. Watu wanahesabu kemikali za kopo wanasahau unyevu.

Chokaa haina cha kupaa hewani isipokuwa maji. Inakauka kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanuuni. Na kwa ukali wake ukungu hauoti juu yake kwa urahisi ingali mpya.

Kazi yake ni hii. Kwangua rangi yote ya zamani, maana chokaa haishiki juu ya plastiki. Nyunyizia ukuta maji. Paka nyembamba kama maziwa, usiogope kwamba ukuta unaonekana bado, weupe hujitokeza ikikauka. Ngoja mpaka kesho yake, nyunyizia tena, rudia mara tatu au nne. Wenye haraka hupaka nzito mara moja, ikipasuka wanalaumu chokaa.

MkaziWaShela
Fundi, nakuheshimu, lakini hujatuambia habari ya buibui! Nyumba yetu ilikuwa ya chokaa, na kila aliyeegemea ukuta alitoka na mgongo mweupe. Kanzu haina neno. Nguo nyeusi ni balaa. Ukiwa na watoto wanaopapasa kuta, sijui.

FundiWaMawe
@MkaziWaShela hiyo ilipakwa nzito, au ukuta haukulowekwa. Chokaa iliyolala kwenye maji miezi kadhaa haichafui hivyo. Wengine huongeza maziwa kidogo yaliyoondolewa mafuta ili ishikane zaidi. Chumvi usitie, ijapokuwa wazee wengi walitia, kwa sababu inavuta unyevu.

NesiMuyeye
Ningependa muongee na mgonjwa kabla ya ukuta. Dada, ujauzito na kukwangua rangi za zamani havikai pamoja. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani za milangoni na madirishani, huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kiwango kinachopendekezwa kwenye rangi mpya ni sehemu 90 tu kwa milioni. Msasa mkavu ndio unaoirusha vumbi. Fundi alowanishe kwanza, akwangue ikiwa mbichi, afagie kwa kitambaa chenye maji, na taka zifungwe. Wewe na mtoto muwe kwa mama mkwe siku hizo.

Na chokaa, fundi, ni salama ikikauka. Ikiwa mbichi huunguza ngozi na macho. Miwani, glavu. Ikiingia jichoni, maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

BintiLangoni
Ahsanteni sana. Kwa hiyo chumba cha mawe chokaa, ukumbi wa bloku rangi ya maji isiyong'aa? Ukumbi uliwahi kupakwa rangi ya maji na bado imeshika. Na nipake lini?

DukaLaRangiMalindi
Ndiyo hivyo, na iliyoshika usiikwangue, osha tu vumbi na mafuta, uipake juu. Pima kuta zote za ukumbi, urefu mara kimo. Lita moja hufunika mita za mraba kama 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na mikono ni miwili. Ukuta wenye plasta mbaya utakula zaidi. Usinunue ndoo ya lita 20 kwa sababu ya bei. Inayobaki inaozea stoo, nayo imebebwa na punda kutoka gatini.

Paka wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, madirisha wazi kutwa. Masika usithubutu. Rangi hukauka kuguswa kwa saa chache lakini huendelea kutoa kidogo kidogo, kwa hiyo mtoto asilale humo mapema. Mpe chumba wiki kadhaa ikiwezekana.

MkaziWaShela
Mimi bado ningepaka hata chumba cha mawe rangi ya maji, basi tu. Chokaa fundi mwenyewe humpati, akipatikana yuko kazini hotelini.

FundiWaMawe
@MkaziWaShela rangi ya maji utaipaka kila baada ya masika, mpaka plasta iishe. Afadhali kusubiri fundi.

@BintiLangoni nje usiguse kabla ya kuwauliza watu wa Makumbusho. Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na wana ushauri wao. Ukitaka rangi kwenye chokaa, tia udongo mwekundu au wa manjano uliochujwa, kidogo, kwa kuwa rangi nyingi za dukani huungua ndani yake.

BintiLangoni
Chokaa yenyewe nianze kuiloweka sasa? Nina sufuria kubwa la harusi limekaa bure.

FundiWaMawe
La hasha, si sufuria! Chokaa inaila alumini. Pipa la plastiki lenye mfuniko, maji yazidi juu ya chokaa kiganja kizima. Ikiwa ni ya mabonge tu kutoka tanuuni, ita mtu mzoefu aizime kwa maji, maana inachemka kama maji ya ugali na inaruka. Ukinunua iliyokwisha kuzimwa, ya unga, weka tu majini, funika, watoto wasifike.