Je, sampuli zenye jeni ya SH inayofanana zinathibitisha kwamba wagonjwa wa matumbwitumbwi waliambukizana?

Mwanafunzi wa Epidemiolojia aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kuchambua mlipuko wa matumbwitumbwi uliotokea katika mabweni mawili ya chuo kimoja. Bweni la kwanza lilikuwa na wagonjwa tisa. La pili lilipata wagonjwa sita, na wa kwanza wao alianza kuvimba shavu siku 35 baada ya mgonjwa wa mwisho wa bweni la kwanza kuvimba. Katika mahojiano, hakuna aliyekumbuka kukutana na mtu yeyote wa bweni jingine. Maabara ilisoma jeni ya SH peke yake, ambayo ni kipande kidogo cha maelezo ya urithi ya virusi hivi, na sampuli zote zimetoka sawa herufi kwa herufi, zote zikiwa za jenotaipu G, yaani kundi moja la kinasaba la virusi hivi.

Msimamizi wangu anataka niandike kwamba mabweni hayo mawili ni mlipuko mmoja, kwa sababu virusi ni vilevile. Mimi nasita, lakini siwezi kueleza vizuri kwa nini nasita. Je, kufanana huko kunatosha? Na kama hakutoshi, kusoma jenomu nzima, yaani maelezo yote ya urithi ya virusi, kungeongeza nini?

Msomaji wa Jenomu alijibu:

Ndugu, kusita kwako kuna msingi, na msingi wenyewe ni hesabu ndogo unayoweza kuifanya kwa kalamu. Jenomu ya virusi vya matumbwitumbwi ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi 15,384. Jeni ya SH ni kipande cha herufi 316 tu, yaani takriban asilimia 2 ya jenomu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kipande hicho kitumike kupanga virusi katika jenotaipu kwa sababu ndicho kinachobadilika zaidi, na kwa kazi hiyo kinafaa: leo zinatambulika jenotaipu 12, kuanzia A hadi N bila E na M. Swali lako, hata hivyo, halihusu jenotaipu. Unataka kujua kilichotokea ndani ya wiki chache katika majengo mawili.

Makadirio ya kasi ya mabadiliko ya virusi hivi ni kati ya herufi 4 na 5 kwa kila herufi 10,000 kwa mwaka. Kwa jenomu nzima hiyo ni takriban mabadiliko saba kwa mwaka. Ukiitumia kasi hiyohiyo kwa herufi 316, unapata badiliko moja katika miaka saba hivi, na hata tukikubali kwamba SH hukimbia kuliko jeni nyingine, bado unazungumzia miaka, si wiki. Kwa hiyo watu wawili ambao minyororo yao ya maambukizi ilitengana muda mrefu uliopita wanaweza kabisa kuwa na SH isiyotofautiana hata kwa herufi moja. Katika nchi kama Marekani, ambako jenotaipu G ndiyo iliyotawala tangu angalau mwaka 2006, kukuta G katika mabweni yote mawili ni jambo ambalo ungelitarajia hata kama wagonjwa hao hawakuwa na uhusiano wowote.

Mfano mzuri ni wa Massachusetts. Katika milipuko ya 2016 na 2017, watafiti walisoma jenomu nzima za virusi kutoka kwa wagonjwa 201, wengi wao wakiwa wa jumuiya za vyuo vikuu vya jimbo hilo, wakaziweka bega kwa bega na taarifa za mahojiano. Walikuta kwamba virusi viliingia jimboni mara kadhaa, na kwamba hata ndani ya jumuiya moja koo tofauti za virusi ziliweza kuwapo kwa wakati mmoja. Walikuta pia kinyume chake: milipuko iliyoonekana haihusiani ilikuwa imeunganika. Mambo hayo mawili hayakuonekana katika mahojiano peke yake wala katika jeni moja peke yake.

Mfuatiliaji wa Milipuko alijibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naomba tusimpe mwenzetu matumaini makubwa kupita kiasi kuhusu jenomu nzima. Mabadiliko saba kwa mwaka maana yake ni badiliko moja katika kila wiki saba hivi. Mtu aliyeambukizwa matumbwitumbwi kwa kawaida huvimba baada ya siku 16 hadi 18, hivyo virusi vinaweza kupita kutoka kwa mtu wa kwanza hadi wa pili hadi wa tatu bila kubadili herufi hata moja. Ukikuta jenomu nzima zinazofanana kabisa, unaweza kusema wagonjwa hao wako karibu katika mti wa nasaba. Huwezi kusema nani alimwambukiza nani. Nimeona ripoti zenye mishale mizuri kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, ambayo data yake haikuruhusu hata mshale mmoja.

Nguvu kubwa ya jenomu, kwa maoni yangu, ni katika kukanusha. Tuseme sampuli mbili zilizochukuliwa wiki moja zinatofautiana kwa herufi 14. Kila tawi la mti limebeba takriban mabadiliko saba tangu yalipoachana, kwa hiyo chimbuko lao la pamoja lilikuwapo mwaka mmoja hivi uliopita. Hapo unaweza kuandika bila wasiwasi kwamba wagonjwa hao hawakuambukizana, hata kama wanalala chumba kimoja. Jimbo la Washington nalo lilitoa fundisho la aina hii: uchambuzi wa jenomu za mlipuko wa 2016 na 2017 ulikadiria kwamba virusi viliingia jimboni karibu mara 13, hasa kutoka Arkansas. Mtu aliyetazama takwimu za wagonjwa tu angeweza kudhani ni moto mmoja unaosambaa.

Sasa rudi kwenye siku zako 35, maana ndizo zilizonivutia zaidi katika swali lako. Mgonjwa huambukiza wengine kuanzia siku mbili kabla ya kuvimba hadi siku tano baada yake, na muda mrefu wa kawaida wa virusi kujificha mwilini ni siku 25. Tano na 25 ni 30. Hivyo mgonjwa wa mwisho wa bweni la kwanza hawezi kwa urahisi kuwa ndiye aliyemwambukiza moja kwa moja wa kwanza wa bweni la pili. Ama kuna mtu wa katikati ambaye hamkumhoji, pengine kwa sababu hakuvimba kabisa, kwani baadhi ya walioambukizwa hawaoni dalili yoyote. Ama virusi viliingia bweni la pili kwa njia nyingine. SH haiwezi kukuchagulia kati ya hayo mawili. Jenomu nzima ina uwezekano wa kukuchagulia, na ndiyo sababu ningeipigania.

Fundi wa Maabara alijibu:

Naomba niongeze jambo la sampuli, kwa kuwa mti wa nasaba hauwezi kuwa bora kuliko kilichoingia kwenye kichupa. Sampuli nzuri huanza kwa kukanda tezi ya mate iliyovimba, mbele ya sikio na kushuka kuelekea pembe ya taya, kwa sekunde 30 hivi, kisha kijiti cha pamba hupitishwa ndani ya shavu, mkabala na magego ya juu, mahali mrija wa tezi hiyo unapofungukia. Ikiwezekana, ifanyike ndani ya siku tatu tangu uvimbe uanze. Kwa waliochanjwa virusi mara nyingi huwa vichache, na hapo jenomu hutoka na matundu.

Matundu hayo ndiyo yaliyonifundisha kuwa mwangalifu. Katika maabara moja niliyofanya kazi, tulishangilia jozi ya sampuli zilizofanana kabisa, hadi mwenzangu alipofungua data ghafi na kukuta kwamba sehemu kubwa ya jenomu ya sampuli moja haikusomwa kabisa. Programu ilikuwa imejaza pengo kwa herufi za jenomu ya marejeo, yaani ile ya kulinganishia, nasi tukahesabu pengo kuwa ni kufanana. Herufi isiyosomwa iandikwe N na iachwe nje ya hesabu. Kwa hiyo waulize wa maabara ni asilimia ngapi ya kila jenomu iliyosomwa, na kila nafasi ilisomwa mara ngapi, kabla hujalinganisha chochote.

Mwanafunzi wa Epidemiolojia alijibu:

Nawashukuru sana. Hesabu ya siku 30 sikuwa nimeifanya, na sasa naona ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Swali moja la mwisho: karibu wagonjwa wote walikuwa wamepata dozi mbili za chanjo, na msimamizi anauliza kama jenomu zitaonyesha kwamba virusi vimejifunza kuikwepa.

Msomaji wa Jenomu alijibu:

Asisubiri jibu hilo kutoka kwa sampuli 15. Ni kweli kwamba chanjo ya Jeryl Lynn inatokana na virusi vilivyochukuliwa mwaka 1963 na ni vya jenotaipu A, ilhali virusi vyenu ni G. Lakini katika utafiti wa Massachusetts, pamoja na jenomu zake zote, haukupatikana ushahidi wa kijenetiki kwamba mabadiliko yaliyozuka katika mlipuko ule yalisaidia virusi kuikwepa chanjo. Kinga inayofifia kadiri miaka inavyopita baada ya dozi ya pili, pamoja na msongamano wa bwenini, ni mambo ya kuchunguzwa kwanza, na hayo yamo katika kadi za chanjo na ratiba za vyumba, si katika RNA.

Mwanafunzi wa Epidemiolojia alijibu:

Nimezungumza na maabara leo. Sampuli 11 kati ya 15 bado zimo kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nne kati yake zikiwa za bweni la pili, na wamekubali kusoma jenomu nzima. Sentensi ya ripoti nimeibadilisha hivi: "Matokeo ya jeni ya SH hayapingi uhusiano kati ya mabweni haya mawili, wala hayauthibitishi; maambukizi ya moja kwa moja hayaelekei kwa sababu ya muda uliopita, na mtu wa katikati bado hajatambuliwa." Kesho naanza upya mahojiano, safari hii na watu wasiovimba.