Malta au Kupro? Nipo Mbeya, natakiwa nijibu mwezi huu

Mpishi_Ilomba
Wakuu habari za jioni, na wazee wote humu shikamooni. Nimepata nafasi mbili za kuhamia kisiwani, moja Malta, nyingine Kupro. Zote ziko Mediterania na zote nimeambiwa ni yuro. Majibu yanatakiwa kabla mwezi haujaisha. Jiji limenichosha, kodi ya fremu Mwanjelwa inapanda na wateja ni wale wale. Wenye uzoefu, wapi kuzuri?

Kamwene_Ipogolo
Kazi gani? Mkataba umeushika au kuna mtu tu kakutumia sauti WhatsApp? Una mke, una watoto? Umesomea nini? Mnaandika mistari mitano halafu mnataka tuwapangie maisha.

BabaLoleza
Malta, mkuu. Wala usisumbue watu. Kiingereza ni lugha rasmi kule pamoja na Kimalta, kwa hiyo mkataba unausoma mwenyewe na hospitali unajieleza mwenyewe. Kupro ni Kigiriki, na ukivuka upande wa pili ni Kituruki. Halafu zote ziliingia Umoja wa Ulaya 2004, lakini Malta ikaingia Schengen, yale makubaliano ya kuvuka mipaka bila viza nyingine, 2007 na Kupro ikaachwa nje. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Malta unapanda feri kwenda Sicily, Italia, kutembea, hakuna wa kukuuliza viza.

Parachichi_Njombe
Baba Loleza anasema feri kwenda Sicily kama vile huyu anaenda kutalii. Malta yote ni kilomita za mraba 316. Ziko kata Chunya zinaimeza. Na humo wamejipanga watu zaidi ya nusu milioni, ukiongeza watalii huoni pa kukanyaga. Kilele chao kirefu kabisa ni mita 253, yaani kwa Mbeya hicho ni kichuguu. Kupro ni kilomita 9,251, kuna mashamba, kuna milima ya Troodos inafika mita 1,952 na theluji inaanguka, watu wanateleza juu yake. Mtu wa nyanda za juu akae kwenye jiwe la chokaa lisilo na mto hata mmoja wa maana? Maji yao mengi ya bomba wanayachuja kutoka baharini.

BabaLoleza
Sasa anakwenda kuchota maji mtoni au kufanya kazi?

Mpishi_Ilomba
Samahanini, niliandika haraka. Mimi ni dada, si mkuu. Ni mpishi, nilisoma VETA, nikafanya hoteli za Dar, nikarudi Mbeya kufungua mgahawa. Malta ni hoteli, wamenitumia mkataba wa mwaka mmoja, mshahara umepita kidogo kima cha chini. Kupro ni kupitia wakala, mpango wa kusoma na kufanya kazi. Unalipa ada ya muhula wa kwanza, ukifika unatafutiwa hoteli na hela inazidi ya Malta. Nina mtoto wa darasa la pili, atabaki na bibi yake Tukuyu.

Kamwene_Ipogolo
Dada, wakala ameandika unashukia uwanja gani? Larnaca au Ercan?

Mpishi_Ilomba
Ercan, kupitia Istanbul. Kuna tofauti?

Kamwene_Ipogolo
Ipo, tena kubwa. Kaa chini nikueleze, maana hili limeikumba nyumba yetu.

Kisiwa kimegawanyika tangu 1974. Kusini ndiyo ile Jamhuri ya Kupro iliyo Umoja wa Ulaya, yenye yuro. Kaskazini walijitangazia nchi yao 1983, na duniani inatambuliwa na Uturuki peke yake. Hela yao ni lira ya Kituruki. Katikati kuna mstari unaolindwa na Umoja wa Mataifa, ambao walikuwa kisiwani tangu 1964. Ercan iko kaskazini. Kwa hiyo wewe hupelekwi Ulaya, unapelekwa jirani na Ulaya ukaichungulie kwenye waya.

Mdogo wangu alipelekwa hivyo hivyo. Wakala alikuwa na ofisi nzuri, bango, kiyoyozi, kijana wa tai. Maneno yalikuwa haya haya, soma huku unafanya kazi. Baba akauza paina zake Mafinga kabla hazijakomaa, mnunuzi akampa bei ya kumhurumia, kwa sababu anayeuza miti michanga wote wanajua ana shida. Ada ikalipwa, tiketi ikakatwa, tukamwaga machozi ya furaha stendi.

Chuo kilikuwepo, nisiseme uongo. Kina majengo, kina walimu. Ila ule "ufadhili" ulikuwa punguzo la mwanzo tu, na hiyo kazi ya hoteli hakuna aliyekuwa na habari nayo. Kumbe mwanafunzi anahitaji kibali ndipo afanye kazi. Akaangukia ujenzi, kubeba zege. Mwisho wa mwezi bosi anamkatia nusu, akiuliza anaambiwa kashtaki polisi, huku bosi anajua hana kibali. Muhula uliofuata ada haikutimia, chuo kikamfuta, na ukifutwa chuoni ukaazi nao unakufa. Faini zikaanza kuhesabiwa. Kuvuka kusini hawezi, ubalozi wetu kule hakuna, wala wa nchi nyingine isipokuwa Uturuki. Wakala simu hapokei, baadaye namba haipo kabisa. Tulichanga ukoo mzima, mpaka kwaya ya kanisa, ndipo akapata nauli ya kurudi. Sasa hivi anapakia mbao Mafinga, na paina anazozipakia zingekuwa zetu.

Sisemi kila anayekwenda kaskazini anaumia. Wapo wanaosoma na kumaliza, wale ambao kwao kuna hela ya ada mpaka mwaka wa mwisho. Lakini kwenda kutafuta hela kwa njia ya ada, hapana.

Mzee_wa_TAZARA
Marahaba binti. Wakala wa ajira nchini hapa lazima awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Mwombe namba ya leseni, kisha nenda TaESA, ile ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ukaulize kama wanamjua. Akikwambia yeye ni wakala wa vyuo, si wa ajira, basi muulize kwa nini anakuahidi ajira. Utasikia atakavyokohoa.

BabaLoleza
Niliposema Malta mlinicheka. Dada, ya Malta sikiliza. Kibali cha kazi na cha ukaazi kule ni kimoja, na kimefungwa kwa mwajiri. Ukigombana na bosi huhami kama daladala, unaanza maombi upya kupitia bosi mwingine. Kwa watu wa hoteli na migahawa, tangu 2024 kuna Skills Pass, unasoma kozi mtandaoni na kupimwa Kiingereza na huduma kwa mteja. Waulize hoteli nani analipia. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa yuro 221.78 kwa wiki. Ukiwa na Tallinja, kadi ya usafiri ya mkaazi, kupanda mabasi ni bure tangu Oktoba 2022. Barabarani wanaendesha kushoto na plagi ni ya pini tatu kama zetu, urithi wa Mwingereza. Chaja zako beba tu.

Nesi_Uyole
Hizo yuro 221 msizitaje bila kutaja pango. Sliema na St Julian's peke yako chumba huwezi, utabanana na wenzako Marsa au Ħamrun. Mkataba unasema chumba kipo au unajitegemea? Hapo ndipo mshahara unapolala. Na jikoni mwezi wa nane kwenye kisiwa kile, joto na unyevu, mtu wa Mbeya aliyezoea sweta Juni. Baridi yao nayo si ndogo, nyumba za mawe hazina joto, ukuta unatoka jasho.

Na mtoto. Darasa la pili, dada. Kumpeleka Malta kuna masharti ya kipato, usidhani ni mwaka kesho.

Parachichi_Njombe
Mimi bado naitetea Kupro, ile ya kusini. Kima cha chini Januari 2024 kilikuwa yuro 1,000 kwa mwezi ukishamaliza miezi sita kwa mwajiri. Aombe hoteli Paphos au Limassol moja kwa moja.

Nesi_Uyole
Limassol pango limekimbia. Na kule Ayia Napa hoteli nyingi zinafunga baridi ikianza, utakula nini Januari? Tena hicho kima hakiwahusu wafanyakazi wa ndani, msije mkampeleka dada wa watu akaishia kulea vizee huku mnasema yuro elfu.

Parachichi_Njombe
Atakula viazi. Kupro kuna vijiji vya udongo mwekundu, Kokkinochoria, viazi vyake vinauzwa mpaka Uingereza. Mpishi atafurahi.

BabaLoleza
Malta nao wanauza viazi Uholanzi. Kwani nini?

Mzee_wa_TAZARA
Mmekula viazi vya Isongole nyie? Kaanga bila hata chumvi.

Mpishi_Ilomba
Nashukuruni sana, ndaga fijo. Wakala nimemuuliza leseni tangu asubuhi, tiki ni za bluu, hajajibu. Kanitumia tu picha ya wanafunzi wakiwa ufukweni. Malta nimewaandikia kuhusu chumba na ile kozi. Mama anasema niongeze meza mbili nje nibaki hapa hapa.

Kamwene_Ipogolo
Hela umeshampa?

Mpishi_Ilomba
Ya fomu tu.

Kamwene_Ipogolo
Shilingi ngapi?

Parachichi_Njombe
Mzee wa TAZARA, hivyo vya Isongole gunia mnauziwa sasa hivi bei gani? Na ni gunia la kawaida au lumbesa, lile la kujazwa kupita kipimo?

Mzee_wa_TAZARA
Lumbesa. Serikali ilishakataza lakini nenda ukawaambie wewe.