Corolla 110 inachemsha Kitonga: nizibue rejeta, ninunue nyingine, au nitoe thamostati?

MamaNuru_Mby
Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, giaboksi otomatiki. Humu mjini Mbeya haina neno, shida ni safari. Wiki iliyopita natoka Dar, nikafika mlima wa Kitonga nyuma ya semi ya saruji, tunapanda mwendo wa kinyonga. Mshale wa temperecha ukasogea mpaka karibu na H. Nikazima AC. Mara mshale ukaanguka wenyewe, chini kabisa kwenye C, nikasema alhamdulillah imepoa. Hazikupita dakika mbili, mvuke huo, sioni hata boneti.

Fundi wa kwanza kasema sensa ya temperecha, kabadilisha, nikalipa. Wa pili anasema sensa haihusiki, ananipa njia nne: atoe thamostati, azibue rejeta niliyonayo, ninunue mpya ya Kichina, au nitafute ya mtumba ya Japani. Kila moja ina bei yake na mimi ni mwalimu, mnajua mambo yetu. Naomba mnilinganishie.

Spana14
Toa thamostati dada, usihangaike. Hii ni nchi ya joto, kile kidude kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Wazungu. Yangu haina tangu 2015 na sijawahi kusimama njiani.

FundiUmeme_Tanga
Spana, wewe unaendesha Mwenge hadi Kimara, huwezi kumshauri mtu wa Kitonga.

Thamostati ya gari kama hiyo inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikifunguka inaruhusu maji kwenda rejeta, na wakati huohuo inabana ile njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na hasara yake unaiona mlimani. Kitabu cha ufundi cha Toyota kinakataza kuitoa hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Halafu kwenye barabara tambarare injini haifiki joto lake, kompyuta ya injini inadhani bado asubuhi, inaongeza mafuta. Spana, hebu angalia unakunywa lita ngapi kwa kilomita mia.

Sasa dada, kilichonishtua ni huo mshale ulioanguka. Sensa ya geji inatakiwa iogelee ndani ya maji. Maji yakipungua, inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma chini, mshale unalala C huku hedi (kichwa cha injini) inaungua. Yaani ule wakati ulioshukuru ndio ulikuwa mbaya kuliko wote. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yalikwenda wapi, rejeta baadaye.

Na ukitaka kuhakikisha geji ni nzima bila kununua kitu: sensa ya geji ina waya mmoja, ya kompyuta ina waya mbili, usizichanganye. Washa swichi, chomoa huo waya mmoja, mshale ukae C. Kisha ugusishe kwenye bodi kupitia balbu ndogo ya dashibodi, mshale upande. Usiugusishe mkavu, unaweza kuunguza geji. Ukipanda na kushuka vizuri, geji na waya ni vizima.

Mzee_wa_Rejeta
Nimeziba na kuzibua rejeta miaka mingi, niseme la kwangu.

Kuzibua: inategemea ni rejeta ya nini. Zile za zamani za shaba tulikuwa tunafungua tangi la juu kwa moto, tunapitisha vyuma kwenye kila mrija, tunachomelea, inarudi kama mpya. Ya 110 mara nyingi ni ya alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno. Fundi akikunja yale meno na kuyarudisha, plastiki ya miaka zaidi ya ishirini inapasuka, kama si leo ni mwezi ujao, na itachagua porini. Kuipitisha maji kinyumenyume bila kuifungua sawa, ila kutu iliyoganda haitoki hivyo.

Mpya ya Kichina: si mbaya kama watu wanavyosema, lakini usinunue kwa macho. Beba ya zamani dukani uzilinganishe. Pima unene wa kiini. Kuna za mm 16 na kuna za mm 26, kwa nje zinafanana kama mapacha. Kama ya kwako ni nene, ukafunga nyembamba, Kitonga itakurudisha hapahapa. Na wewe una otomatiki: hakikisha tangi la chini lina midomo miwili ya mabomba ya mafuta ya giaboksi. Watu wanauziwa ya manyo (ya giaboksi ya mkono), wanafika gereji ndipo wanashika kichwa.

Mtumba wa Japani: chuma kizuri, lakini hujui ndani. Mwaga maji mdomo wa juu, uone yanavyotoka chini. Yakitoka kama mkojo wa mtoto, mrudishie mwenyewe. Na ile ya otomatiki ina hatari nyingine, kipoza mafuta cha ndani kikitoboka, maji na mafuta ya giaboksi vinachanganyika, unapata kitu kama maziwa ya strawberi. Hapo umeua giaboksi kwa kuokoa rejeta.

Mimi kwa gari lako ningeshika mpya nene, LAKINI baada ya kujibu swali la Fundi wa Tanga. Na kabla ya yote, mwambie mtu aingize tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Pale ndipo vumbi, mbegu za majani na panzi wanapojenga nyumba.

Spana14
Sawa nimekubali nusu. Maji yanavuja basi, weka yai bichi. Ute unaziba tundu lolote.

Mzee_wa_Rejeta
Kijana, ute unaziba tundu, halafu unaendelea kuziba na mirija iliyokuwa mizima. Nimetoa mayai kwenye rejeta za watu, harufu yake sitaki kuikumbuka.

Makanika_Nai
Salamu kutoka Nairobi. Mmetaja kila kitu isipokuwa kifuniko cha rejeta, ambacho bei yake hata kuku haifiki.

Hapa kwetu, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94. Injini yenyewe inafanya kazi kati ya 80 na 90 hivi, kwa hiyo nafasi ni ndogo sana. Kinachotuokoa ni presha. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 (ndiyo presha yake) kikibana sawasawa, maji hayachemki mpaka yapite 110. Mpira wake ukikauka, presha inatoroka, maji yanachemkia chini na kumwagikia tanki la akiba, kisha nje. Unajaza, yanapungua tena, na huoni tone chini ya gari. Mama Nuru, Mbeya na Iringa mko juu kama sisi.

Angalia pia hedi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, washa. Mapovu yakitoka mfululizo, au mpira wa juu ukawa mgumu kama rungu kabla injini haijapata moto, ni gasketi ya hedi. Na msifungue ikiwa ya moto, tafadhali. Mkono wangu wa kushoto una ramani ya Afrika.

FundiUmeme_Tanga
Feni nayo. Kwenye Toyota hizi ukichomoa plagi ya swichi ya feni huku umewasha, feni inatakiwa izunguke. Isipozunguka tafuta fyuzi, rilei au mota. Nyuma ya lori mlimani hakuna upepo, feni ndiyo inafanya kazi yote. Na huku pwani msijaze maji ya kisima, chumvi inakula alumini. Weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu kwa nusu na maji safi.

MamaNuru_Mby
Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani.

Hedi nzima, hakuna mapovu. Feni inazunguka. Balbu nayo nilijaribu na mwanangu wa kidato cha pili: mshale ulipanda, kwa hiyo geji nzima, na fundi wa kwanza alikula hela yangu bure.

Kifuniko sasa. Mpira wake wa chini ulikuwa umepasuka kama kisigino cha kiangazi, nikiugusa unabaki vipandevipande kwenye kidole. Thamostati tuliichemsha kwenye sufuria kuukuu, tukaifunga kwa uzi isiguse chini. Maji yakatokota, yenyewe imefunguka upenyo wa kupitisha kucha tu. Na kati ya kondensa na rejeta, Mzee, tumetoa mbegu na tope la kujaza kopo la Blue Band.

Nimenunua kifuniko, thamostati na kulanti. Rejeta ni ileile. Jumamosi nilimpeleka dada yangu Mikumi, na kurudi nikapanda Kitonga na AC nimewasha kwa makusudi, mbele yangu lori la mbao. Mshale ulipita nusu kidogo, nikasikia feni, ukarudi. Juu nikasimama, nikasubiri ipoe kabisa ndipo nikafungua: maji mpaka mdomoni.

Makanika_Nai
Safi sana. Zile hela za rejeta weka, plastiki ya 1998 ina siku zake.

Spana14
Dada, hiyo thamostati mpya ulinunua duka gani? Naulizia kwa rafiki.

FundiUmeme_Tanga
😂 Lita ngapi kwa kilomita mia, Spana?

Spana14
Kumi na tatu.