Rangi yangu ya nili inatoka yote nikisuuza. Nakosea wapi?

MshonajiUmoja:
Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Umoja. Marehemu nyanya yangu wa Lamu alikuwa na kaniki aliyokuwa akijifunga akipika. Mama amebaki na kipande chake tu, upana wa viganja viwili. Juu kimepauka, lakini ukifunua pindo unaikuta ile buluu nzito inayokaribia weusi. Nataka kumtengenezea mama kaniki nzima ya rangi hiyo.

Nilinunua gramu 50 za unga wa nili. Nikachemsha lita 10 za maji, nikakoroga unga humo, nikatia chumvi vijiko vitatu kama ninavyofanya na rangi za dukani, kisha nikaloweka mita mbili za amerikani usiku kucha. Asubuhi kitambaa kilikuwa buluu ya kuvutia. Nikasuuza, maji yakawa buluu. Nikarudia, vilevile. Mara ya sita kitambaa kikafanana na shati la sare lililofuliwa miaka mitatu.

Je, nimeuziwa unga bandia? Na mama anasema nili ndiyo ile ile buluu ya kufulia nguo nyeupe. Ni kweli?

Njoki_K:
Pole dada. Tia siki. Mimi huloweka leso mpya kwenye siki ndipo zisichuje.

BabaDagoretti:
Njoki, subiri kidogo na hiyo siki, zamu yake itafika.

Fundi, unga wako hauna kosa. Nimechovya nili nyuma ya nyumba yangu kwa miaka kumi na miwili, na kosa hili nililifanya mwanzoni vilevile. Nili haiyeyuki kwenye maji, hata uichemshe siku nzima. Ulichokuwa nacho ni vumbi la buluu linaloelea, nalo lilikaa juu ya uzi tu. Yale maji uliyosuuzia hukuyamwaga, natumaini? Yaache yatulie, vumbi litashuka chini, mimina maji ya juu, utumie tope lile. Ni pesa yako.

Ili nili iingie kwenye uzi, lazima kwanza uibadilishe iache kuwa buluu. Inahitaji vitu viwili: maji makali ya chokaa, na kitu cha kuifanya iyeyuke. Wengi tunatumia sehemu 1 ya nili, 2 za chokaa, 3 za sukari ya matunda. Kwa gramu zako 50, chokaa ni gramu 100. Nunua ile chokaa ya kujengea, ya unga, duka la vifaa vya ujenzi. Vaa glavu na ulinde macho, inachoma. Sukari ya chai usijaribu kabisa. Ile ya miwa haiwezi kazi hii, nami niliharibu ndoo mbili kabla ya kuelewa. Asali inafaa. Ndizi zilizoiva hadi zikafanya madoa meusi zinafaa pia: chemsha kama kilo mbili pamoja na maganda, chuja, tumia maji yake.

Maji yawe ya moto, kiasi cha mkono kuvumilia kwa shida. Koroga polepole, funika, ngoja. Ikiwa tayari utaona utando wa rangi ya shaba juu, na ukiupisha kando, chini kuna maji ya manjano yanayoelekea kahawia, kama turungi. Yakiwa bado buluu, usichovye.

Lowesha kitambaa kwa maji safi, kamua, kiingize bila kupiga mapovu. Dakika tano, toa, anika kivulini dakika ishirini. Rudia. Weusi wa kaniki hauji kwa kuloweka usiku kucha, unakuja kwa kuchovya mara nyingi. Mwisho kabisa, suuza kwa maji yenye siki kidogo ili chokaa itoke. Hapo ndipo zamu ya Njoki.

Kuhusu mama: jina anasema sawa, kwani watu wengi huiita nili, lakini buluu ya kufulia ya siku hizi kwa kawaida ni rangi ya aina nyingine. Inaficha umanjano wa nguo nyeupe, haitii rangi nguo.

PendoNgong:
Mzee, mnili wenyewe unaota hapa kwetu?

BabaDagoretti:
Unaota. Ni jamii ya kunde, na kundi lake humo, Indigofera, lina aina zaidi ya 700, nyingi hazina rangi ya maana. Yenye rangi nzuri ni Indigofera arrecta, ya Afrika yenyewe. Jani lake ni la kijani tu. Loweka majani mabichi kwenye maji ya uvuguvugu hadi kesho yake, chuja, tia chokaa kidogo, upige maji kama unayepoza chai kwa vikombe viwili. Povu likigeuka buluu, umeipata. Huko Bengal, Bara Hindi, wakulima walilazimishwa kupanda mnili badala ya mpunga hadi wakaasi mwaka 1859. Baadaye, 1897, Wajerumani wakaanza kuuza nili ya kiwandani, na jinzi za leo karibu zote ni hiyo. Kikemia ni kitu kilekile.

MshonajiUmoja:
Nimerudi baada ya wiki mbili. Baridi hii ya Julai ilinisumbua, ndoo ilipoa, nikaivika blanketi na kuirudisha jikoni mara mbili. Siku ya pili turungi ikatokea.

Kitambaa kilitoka kijani kama jani la mgomba changa! Nilikuwa nimekishika kwa pembe mbili. Buluu ikaanzia kwenye kingo, ikaingia katikati, mikunjo ikabaki kijani kwa muda kisha nayo ikageuka. Nimechovya mara tisa. Nimesuuza, maji yalitoka buluu kidogo tu, kisha yakawa meupe.

Mama aliweka kile kipande juu ya kitambaa, akafunua pindo, akalinganisha dirishani. Akasema, "Bado mara mbili hivi." Kisha akaniletea mtandio wake mweupe wa pamba nimchovyee. Ndoo ina siku nne sasa, bado inafaa?

BabaDagoretti:
Mama anaijua rangi. Pasha ndoo moto, koroga, funika hadi jioni. Ikiwa manjano, chovya. Ikiwa buluu, ongeza kijiko cha chokaa na kikombe cha maji ya ndizi, ungoje tena. Na mtandio uchunguze kwanza kama ni pamba kweli: choma uzi mmoja. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, endelea. Ukiyeyuka na kuganda, ni poliesta, nili haitashika.